Kata Moja ya Kuyaamsha Maji

Na ile sufuria nimeirudisha tena kwenye mzigo wako, kwa hiyo usinitafutie maneno. Umeitoa mara mbili. Mara ya kwanza uliiweka nyuma ya mlango ukadhani sioni. Mara ya pili nimeikuta kwenye banda la kuku, imekaa juu ya kiota, kuku kasimama pembeni hajui atage wapi. Mwalimu mzima, Atupele, unaficha sufuria ya mama yako kwa kuku. Nimeitoa, nimeisugua kwa majivu, na barua hii ikiisha inaingia humo ndani, nafunika, nafunga katikati ya godoro lako kwa fundo lile la mzigo wa kuni. Njiani hutaliweza. Utalifungulia huko Ndalambo unakokwenda kufundisha.

Najua unachosema. Unasema ni nyeusi, imebonyea ubavuni, walimu wenzako wataona umetoka wapi. Waone. Mapazia ya Tunduma yamepata nafasi. Spika yako ile kubwa imepata nafasi, na nguo ya kuifunikia spika nayo imepata. Sufuria ndiyo haina pa kukaa.

Kwa hiyo kama unasoma hapa, maana yake umefunua sufuria, na kama umefunua sufuria labda ulitaka kuchemsha maji, na mimi nashukuru. Kama hujaifunua basi naongea peke yangu, si mara ya kwanza.

Anayeandika ni Mama Lugano, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwandiko wake unaujua, ndiye aliyekuwa anaandika majina yenu shule ya Jumapili. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Nimemwita yeye makusudi. Angeweza kuandika mwingine, yule mke wa kaka yako Ipyana ana mwandiko mzuri kuliko huu, lakini nimemtaka Mama Lugano, na kwa nini nimemtaka yeye mwenyewe hajui bado. Sasa ameacha kuandika ananitazama. Andika, Mama Lugano, kila ninachosema, usipunguze wala usininyooshee maneno.

Sitakuambia habari za kuamka mapema, wala kuheshimu wakubwa, wala kufunga mlango. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Nina jambo moja. Moja lakini lina mkia mrefu, kwa hiyo kaa chini, Sekela mpe titi atulie, usome.

Ningekuambia kwa mdomo. Nimejaribu. Nikianza tu unasema ndiyo mama, ndiyo mama, huku unatazama simu. Barua haiambiwi ndiyo mama.

Wiki ile uliporudi kutoka kuangalia nyumba ya mwalimu ulikuwa unacheka meno yote nje. Mama, kuna bati jipya. Mama, kuna mfereji pande zote za paa. Mama, kuna tangi jeusi, kubwa, mvua ikinyesha vizuri tunakunywa mpaka kiangazi, wenzetu huko wanahangaika na madumu visimani. Nikakuuliza, darini kuna popo? Ukasema wapo kidogo. Popo kidogo. Wewe uliona wapi popo wakawa kidogo? Nikakuuliza, tangi lina mfuniko? Ukasema aa, mama, maji ya mvua yanatoka juu, hayajagusa udongo, hayana chumvi, ni safi kuliko ya kisima, hata kwenye simu wameandika. Halafu ukanionyesha simu nisome. Mimi. Nisome.

Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza unajua naumwa.

Sikiliza. Yakiwa huko mawinguni ni ya Mungu, sikatai, sijafika. Yakishagusa bati ni ya popo, na ya njiwa, na ya paka aliyelala juu kuota jua, na ya mjusi aliyefia kwenye mfereji tangu mwezi wa sita. Na mwezi wa tisa na wa kumi watu wanachoma mashamba, moshi unakaa bondeni siku nzima, yale masizi unadhani yanatua wapi? Umeiona mvua ya kwanza inavyoshuka kwenye bomba letu, rangi ya chai. Kila mwaka mimi nachomoa bomba pipani, maji yale yaoshe bati yaende kwenye migomba, na kila mwaka wewe unasimama mlangoni unasema mama unamwaga maji ya bure. Tangu una miaka kumi unasema hivyo. Umesoma mpaka chuo, bado unasema hivyo.

Lakini habari ya popo hata wewe unaijua, unajifanya tu. Na nikikwambia chemsha utachemsha, angalau mwezi wa kwanza. Langu mimi si la mtu asiyechemsha. Langu ni la mtu anayechemsha, na hilo ndilo sijawahi kukwambia, wala baba yako sikumwambia mpaka tumemzika.

Nilipoolewa hapa nilimkuta bibi yako, mama yake baba yako, ana pipa moja chini ya ukingo wa bati. Alilipenda lile pipa kuliko wakwe zake wote. Maji ya mvua alikuwa anakunywa mabichi na kuyasifu. Mvua ya kwanza ikianza anatoka nje na kata yake ya kibuyu, anakinga, anakunywa amesimama, anasema mwaka umeingia. Halafu anatupa na sisi zamu kwa zamu. Nani angekataa kunywa mwaka? Tulikunywa, tukaumwa matumbo, tukasema ni mahindi mabichi.

Halafu nikawa nampeleka Ipyana kliniki, na pale zahanati kulikuwa na nesi mmoja mkali, akatufundisha kuchemsha maji ya watoto. Mimi nikashika. Katika kitongoji chetu mwanamke wa kwanza kuchemsha maji kila siku ni mimi, na nilihakikisha kila mtu anajua. Nilikuwa nachemsha mlango wa jiko ukiwa wazi, watu wakipita waone. Sufuria ni hiyo hiyo unayoionea aibu. Ilikuwa inang'aa wakati huo, na mimi nilikuwa nang'aa nayo.

Sasa bibi yako akaonja, akatema. Akasema maji haya yamekufa. Umeyaua motoni halafu unampa mtu anywe maiti. Na wageni nao wakija wananywa nusu kikombe, wanaweka chini polepole kwa heshima. Unajua aibu ya mgeni kuacha maji? Angeacha ugali ningesema ameshiba. Ndipo bibi yako akanifundisha, na si yeye tu, wengi hapa milimani walikuwa wanafanya, na wapo wanaofanya mpaka leo. Maji yakishachemka yakapoa, unachota kata moja ya maji mabichi kwenye pipa, unamimina juu. Moja tu. Tulikuwa tunasema tunayaamsha. Yanapata ubaridi, yanapata ladha, yanarudi kuwa maji. Na kweli, mwanangu, yalikuwa matamu. Nisikudanganye, nimeyakumbuka hapa nilipokaa.

Unaona nilichokuwa nafanya? Natafuta kuni, nabeba kuni, napuliza moto mpaka macho yanakuwa mekundu, nachemsha, nafunika, nangoja. Halafu naenda pipani nachota kata moja ya popo, nairudishia humo. Kila siku. Kwa mikono hii. Na ningekutana na mama asiyechemsha ningemsema.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu, mdomo haufungi, umerithi kwangu. Ilikuwa wiki ya mvua ya kwanza. Jumapili ile Mama Lugano, huyu huyu mwenye kalamu, alibatizisha mtoto, akapika. Wali, maharage, kuku, ndizi. Alikuwa na mkono mwema wa kupika, Mama Lugano, kipindi kile hakuna harusi iliyokwenda bila yeye kushika mwiko. Tukala, wakala wazee wa kanisa, wakala watoto wa kitongoji kizima mpaka wakalala chini.

Jumatatu wewe ukaanza kuhara. Mara ya kwanza nikasema umeshiba sana. Jumanne ni maji matupu, na ukinywa unatapika. Jumatano asubuhi macho yameingia ndani, unalia lakini machozi hayatoki. Nikakufinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama, hairudi, kama kitambaa. Baba yako alichukua kitenge changu, akakufunga mgongoni kwake, mwanaume mzima, akashuka mlima anakimbia. Watu walimcheka siku nyingi kwa kile kitenge, naye hakujali. Mimi nilikuwa nyuma yake na sufuria kichwani.

Ee, sufuria. Nilikimbia na sufuria hiyo hiyo, ina maji yangu niliyochemsha, ili usije ukanywa maji machafu ya huko. Kila baba yako alipopumzika nilikunywesha kidogo. Nilijiona mama mwenye akili kuliko wote njiani.

Na maji yale nilikuwa nimeshayaamsha.

Nesi akakuchoma dripu, akanigeukia. Maji mnayokunywa mnafanyaje? Nikasema nachemsha, tena kwa sauti, maana benchi lilikuwa limejaa akina mama. Akauliza, kila siku? Kila siku. Mara ya tatu akauliza, ukishachemsha unafanyaje? Nikasema, tunakunywa. Ile kata sikuisema. Sikuificha, Mungu ananiona, haikunijia kwamba kata ni kitu cha kusema. Ukiulizwa unapikaje chai utasema nilikoroga? Basi nesi akasema, kama maji yanachemshwa labda ni chakula. Amekula wapi?

Nikasema alikula Jumapili kwa Mama Lugano.

Hapo mwenzangu ameweka kalamu chini. Nimemwambia aichukue, bado sijafika.

Neno lile lilipanda mlima kabla yetu. Tulikaa kule siku nne, ukapona, ukaanza kuwachosha wagonjwa kwa maswali, tukarudi. Tukakuta kila mtu anajua mtoto wa Mama Ipyana alilishwa kitu kwa Mama Lugano. Mimi sikusema alilishwa. Nilisema alikula. Lakini watu waliponiuliza sikukataa. Nilikuwa natikisa kichwa hivi, kidogo, na kuangalia chini. Unakijua kile kichwa changu, kinasema kuliko mdomo.

Tangu hapo Mama Lugano hapewi mwiko. Kwenye msiba, kwenye harusi, kwenye sikukuu ya mavuno, anapewa kumenya viazi. Anapewa kuosha masufuria. Wewe umekua unamwona kila sherehe kakaa pembeni na kisu na debe la viazi, ukadhani anapenda viazi.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza tena, akaja bwana afya anapita nyumba kwa nyumba. Nikamkaribisha kwa kiburi, nikamwonyesha sufuria iko motoni inachemka. Yaliyopoa nilikuwa nayo kwenye mtungi, nikataka kumpa anywe, na kwa kuwa ni mgeni wa heshima nikayaamsha mbele yake. Kata moja. Akaniuliza, "Mama, umetia nini humo?" Nikamwambia nimeyaamsha. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda na kikombe mkononi, hanywi, ananitazama kama unavyomtazama mtu aliyetia komeo mlangoni na ukuta wa nyuma hana.

Akasema, "Umewaua wadudu wote, mama, halafu umewaletea ndugu zao."

Siku ile nilijua. Nilijua yote kwa mara moja, kutoka kwenye kata mpaka kwenye dripu, kutoka kwenye dripu mpaka kwenye viazi vya Mama Lugano. Kijito chenyewe cha kuvuka unakijua, hata mbuzi anakiruka. Nikasema nitavuka Jumapili. Jumapili nikasema nitavuka baada ya kuvuna. Halafu bibi yako akafa, halafu kulikuwa na mazishi na Mama Lugano akaja, akamenya viazi, nikamwona, nikaingia ndani. Kata niliichoma. Hilo niliweza siku hiyo hiyo. Kuchoma kata hakuna kazi.

Zaidi ya miaka ishirini, Atupele. Na mimi ni mtu wa kusema, kila mtu ananijua, nasema mpaka na mbuzi. Hilo moja tu ndilo lilinishinda kusema.

Mama Lugano anazungusha kalamu vidoleni, mawingu nayo yamesogea. Nimemwambia sema, na ukisema andika ulichosema, huyu ni mtoto wetu sote.

Amesema, "Walikula watu wote wale akaumwa mmoja. Nimejiuliza miaka yote nilifanya nini kwenye sahani ya mtoto mmoja. Niliosha mikono au sikuosha? Nilianza kujiogopa, Mama Ipyana. Hata wanangu nikiwapikia nilikuwa naonja kwanza, nangoja, ndipo nawapa."

Hayo ameandika mwenyewe, angalia kalamu ilivyokandamiza karatasi.

Nimemwambia, "Nimekosa, Mama Lugano. Ni mimi, na kata yangu, na kichwa changu hiki."

Amesema tumalize barua, mtoto anasafiri kesho.

Sasa usianze kulia juu ya karatasi, utafuta maneno ya mwenzio. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nakuambia kwa sababu wewe ni mimi, na inanichosha kukutazama. Unafanya kitu vizuri, unakifanya kwa bidii, unataka watu wakuone, halafu pale mwisho, mtu mmoja akikunja uso tu, unatia kata moja. Nimekuona. Juzi ulimchemshia Sekela maji vizuri, nikafurahi, halafu yakawa ya moto na mtoto analia, ukaenda pipani ukachota kikombe ukapoozea. Ukaniona nakutazama ukasema kidogo tu, mama. Nilitaka kukupiga na mwiko. Nilitaka kujipiga na mimi. Nilikuwa nimeichoma ile kata, na wewe umeipata wapi?

Sekela ana miezi minane. Ameanza uji, anashika kila kikombe anachokiona. Baba yake yuko Vwawa na kazi zake, atakuja mwisho wa mwezi. Usiku mtoto akiumwa utakuwa wewe na yeye, na huko hakuna mwanaume wa kukimbia naye na kitenge mgongoni.

Kwa hiyo ukifika, kabla ya mapazia, kabla ya hilo dude la muziki, tafuta mtu apande aangalie hao popo wako kidogo. Tangi lioshwe, lifunikwe, mdomo wa bomba funga kipande cha chandarua. Mvua ya kwanza chomoa bomba, hata kama majirani wana kiu wanakuona mwendawazimu. Watakusema. Mimi nimesemwa hapa mpaka nimezoea. Ukichota, chuja kwa kitenge safi umekikunja mara nne, na safi maana yake si kile ulichombebea mtoto. Chemsha mpaka yaruke. Yakianza kuimba pembeni bado hayajachemka, hapo ndipo wavivu wanapoepua. Yakiruka katikati, imba pambio moja zima na beti zake zote, usiruke beti. Wewe una saa kwenye simu, mimi nina pambio, na pambio haliishiwi chaji.

Yaache yapoe humo humo yamefunikwa. Halafu mimina kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, mkono wa mtu usiingie, wala kikombe kisizame. Kuni zikikosekana, zahanati wana vidonge vya maji, kipimo kimeandikwa kwenye karatasi yake, soma, ndiyo maana tulikusomesha. Lakini chuja kwanza. Mimi nilishawahi kutia kidonge kwenye maji rangi ya chai nikajiona daktari, kumbe dawa inamalizwa na uchafu, inabaki harufu tu. Na ukishatia ungoje nusu saa, sio unatia huku unakunywa.

Na ladha. Najua utalalamika ladha, wewe ni mjukuu wa bibi yako. Mimi niligundua peke yangu, baada ya kuchoma kata, hakuna aliyenifundisha. Chukua vikombe viwili visafi, mimina maji kutoka hiki kwenda kile, toka juu, kama wanavyopoza chai hotelini. Mara kumi hivi. Yanapata upepo, yanaamka yenyewe, huhitaji kuyatia kitu. Kazi rahisi namna hiyo, na mimi nilikuwa naenda pipani.

Na mgeni akiacha maji nusu kikombe, mwache aache. Joto la Ndalambo litamrudisha.

Sasa Mama Lugano anasema karatasi zinakwisha, na mimi nimebakiza jambo lake, si lako. Nimemwambia hivi, nalisema na hapa liandikwe. Chakula cha njiani cha Atupele na Sekela apike yeye. Apike jikoni kwangu, mlango wazi, watu wakipita waone, na kesho pale gari linaposimama mimi mwenyewe nitasema mbele ya watu wote kapika nani, na nitasema kwa nini miaka yote hii hakupika. Nitasema na ya kata. Nina mdomo, nilikuwa nautumia vibaya tu.

Kalamu imekaa hewani.

Amesema, "Nitapika. Lakini maji nachemsha mwenyewe."

Haya. Nimestahili. Na bado anacheka, anaandika huku anacheka, ndiyo maana mistari imepinda, usiseme ni uzee.

Sasa ukifika, Atupele, ukishamaliza kusoma, sufuria hiyo iweke jikoni, sio chini ya kitanda, uiweke jikoni pale mtu akiingia anaiona, na mtu akikuuliza mbona

Ngoja. Unaita nini tena huko nje? Ameshamaliza kufua nepi huyu? Mama Lugano, unasikia anavyosema?

Anasema, "Mama, njoo umshike Sekela, mvua hiyo inakuja. Nataka kuchomoa bomba pipani, bati halijaoshwa."

Umemsikia? Hakuna aliyemtuma. Mimi nimekaa hapa tangu chakula cha mchana, nimemaliza daftari zima, nimejivua nguo mbele ya jirani, na yeye yuko huko anachomoa bomba mwenyewe. Angesema mapema. Hapana, hayo usiyaandike. Haya, yaache.

Tia karatasi kwenye sufuria, Mama Lugano, ufunike vizuri. Atupele, usipande hicho kigoda, mguu wake mmoja umekatika, shuka, nakuja.